Siku Waliporudishiwa Ada Zao

Kikundi ninachotaka kukisimulia hakipo tena. Kilikuwa cha wazee, katika kata moja ya mkoa wa Tanga yenye mashamba ya mkonge kila upande, na kilikufa kikiwa na ofisi, kompyuta na kibao cha rangi mbili barabarani. Jina lake naliacha, na la mfadhili wake pia, kwa kuwa waliohusika bado wanaishi na majirani zao, na kwa kuwa katika kisa hiki hakuna mwizi. Angekuwapo mwizi, tungemnyooshea kidole na mambo yangeishia hapo. Waliokiangusha ni watu wema waliokuwa wakiwahurumia wazee. Huruma ya namna ile ninayo mimi, na wewe unayesoma huenda unayo.

Kwanza tujue kwa nini kilianzishwa. Mkonge uliingia kwetu mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000. Mikono iliyoukata haikuwa ya wenyeji wa Tanga peke yao. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU, na kwa miaka mingi vijana wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi, Rwanda na Msumbiji. Hao ndio manamba. Baadaye nyuzi za plastiki zikaua bei ya mkonge, mashamba mengi yakataifishwa, na mengine yakageuka pori. Mwenye nauli na moyo wa kurudi kwao alirudi. Waliobaki walizeekea kambini, hawana shamba la urithi, hawana mtoto wa ndugu wa kumtuma dukani. Mzee wa namna hiyo huogopa jambo moja kuliko njaa, nalo ni kufa pasiwe na wa kumzika.

Kwa hiyo kilianza kama chama cha kuzikana. Walikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi chini ya mwembe nyuma ya soko. Ada ilikuwa shilingi mia tano. Mwenyekiti aliweka nyumbani kwake sanduku la bati lenye jora la bafta, ili akifa Mwislamu sanda isianze kutafutwa. Kwa ajili ya Wakristo walikuwa wameshazungumza na fundi seremala awe anawakopesha mbao. Kisha zikaja zamu. Wawili wawili walipangwa kuwapitia wasioweza kutoka nje: kuona kama moshi umefuka jikoni, kuchota ndoo ya maji, kukaa kidogo na kusikiliza hadithi ile ile ya juzi.

Walikuwa hodari hasa katika vitambulisho vya matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na utaratibu wa serikali ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya umma. Lakini utaratibu haumfuati mtu kitandani. Panahitajika picha, barua ya mtendaji, jina kwenye orodha, na mtu wa kuhakikisha orodha yenyewe haipotelei mezani. Wazee wale walikuwa wakienda wanne wanne ofisini kwa mtendaji, wanaamkia, wanakaa kwenye benchi, na hawaondoki mpaka shughuli yao imekwisha. Hakuna aliyewalipa kwa kazi hiyo, na ndiyo kazi bora waliyowahi kuifanya.

Sisemi kwamba mia tano zile zilitosha. Hazikutosha. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, ikaanza kwa kumpa kila mwenye umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo mwaka 2018 ilipanua mpango wa Inua Jamii ili kila raia aliyefikisha miaka 70 apate shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Sisi wa Tanzania Bara, mzee ambaye hakuwa na ajira yenye mafao hutegemea watoto, jirani, au bahati ya kaya yake kuandikwa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee, kwa uzee wao, hawakutajwa. Naeleza haya ili msomaji asiwacheke wenzetu kwa jinsi walivyompokea mfadhili. Mtu mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa lini.

Mfadhili alikuja na mradi wa miaka mitatu. Aliona kikundi kinafanya kazi, akataka kifanye zaidi. Yakaja mablanketi, miwani, vyandarua, chumba cha ofisi barabarani, na vijana waliofundishwa kuwahudumia wazee majumbani, kila mmoja na fulana yake na baiskeli. Yote hayo yalikuwa mema, na nilioongea nao wanayataja mpaka leo kwa shukrani.

Binti wa mweka hazina alikuwapo kwenye mkutano wa kwanza baada ya fedha kuingia. Alikuwa akimwandikia mama yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, na ndiye aliyehifadhi madaftari na kunionyesha. Anasema bibi mmoja alifika mezani kama kawaida yake, akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya mia tano iliyokunjwa mara nyingi.

"Bibi, rudisha hiyo ukanunulie chumvi," katibu akamwambia. "Safari hii tumepata watu wa kutushika mkono."

"Mwanangu, lakini hii ni ada."

"Ada imeshalipwa, bibi."

"Nani kanilipia?"

Watu wakacheka kwa furaha. Katibu akainuka, akamfungia noti yake pindoni kwa mkono wake mwenyewe, na wazee wakapiga makofi. Kwenye daftari la ada, safu ya mwezi ule ina neno moja lililoandikwa kwa wino mwekundu kuanzia juu hadi chini: "Wamesamehewa." Kurasa zinazofuata ni nyeupe.

Ningekuwa mimi niliyeketi mezani pale, ningemrudishia noti yake, na ningelala usingizi mzuri. Hesabu yenyewe ilikuwa wazi: ada za mwaka mzima hazikufikia kodi ya ofisi ya miezi michache. Kumtoa mzee mia tano huku stoo imejaa mablanketi kungeonekana ni roho mbaya. Lakini swali la bibi lilikuwa swali la mkutano mzima, na halikujibiwa. Mtu aliyelipiwa na asiyemjua hana wa kumwuliza.

Daftari la mihutasari linaonyesha yaliyofuata vizuri kuliko maelezo ya mtu yeyote. Katika miaka ya mwembe, sehemu ya mwisho ya kila mkutano, ile ya Mengineyo, ndiyo ndefu kuliko zote. Mmoja anahoji kwa nini mbao zimenunuliwa mbili wakati walikubaliana tatu. Mwingine analalamika kwamba zamu ya mwezi uliopita haikufika kwake na alikuwa na homa. Mzee mmoja anadai ahesabiwe bafta mbele yake, na imeandikwa kwamba ilihesabiwa. Ni kelele tupu, unaweza kusema. Hata mimi niliposoma nilichoka. Halafu zinaanza kurasa za ofisini, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, zina ajenda saba na mihuri, na chini ya Mengineyo kuna sentensi moja inayojirudia mkutano hadi mkutano: "Hakukuwa na mengineyo."

Mkaguzi angesema hapa kuna amani. Mfadhili alisema hivyo hivyo katika taarifa yake, kwamba wanachama wanaridhika. Ndugu zangu, kikundi cha wazee kikinyamaza, tushituke. Wazee hawaishiwi malalamiko. Wakiona kitu si chao tena, huamua kushukuru na kwenda zao.

Dalili nyingine ilikuwa kwenye mahudhurio. Mradi ulikuwa na posho ya nauli kwa siku za mafunzo, bahasha na soda, na siku hizo jumba halikutosha. Orodha iliyosainiwa ilikuwa na majina mengi kuliko wanachama. Mwezi usio na bahasha walikuja wale wale waanzilishi, na si wote. Kila aliyekuwa akiandaa mikutano alijua siku zipi zitajaa. Ndiyo maana wageni walipangiwa siku za bahasha. Hapo sitaki kumhukumu mtu. Mzee anayetembea kutoka kambi ya mbali kwa magoti mabovu anastahili nauli. Ila posho ikishakuwa ndiyo sababu ya kuja, siku itakapokosekana mkutano umekufa, na kila mtu pale alikuwa ameshaliona jambo hilo kwa macho yake.

Zamu nazo zilifutwa kimyakimya. Hakuna kikao kilichoamua zikome. Vijana wa fulana walipita na baiskeli haraka kuliko wazee wawili wenye fimbo, wakawa na fomu ya kujaza na dawa ya kupaka, basi wazee wakaona hawahitajiki. Mmoja wao aliniambia, bila uchungu, kwamba alijisikia kama mtu aliyestaafishwa mara ya pili. Wangeweza kwenda pamoja, kijana na mzee, kijana akapima na mzee akaongea. Mfadhili asingekataa, kwa kuwa mradi hata haukujua kwamba kulikuwa na zamu. Hazikuwa zimeandikwa popote isipokuwa vichwani mwao.

Na kulikuwa na katibu. Alikuwa kijana wa pale pale, mjukuu wa mmoja wa waanzilishi, msomi, mwepesi, mwaminifu hadi senti. Taarifa ziliandikwa na yeye. Simu ya mfadhili ilipigwa kwake. Neno la siri la kompyuta lilikuwa kichwani mwake. Benki ilitaka watia saini watatu: yeye, mwenyekiti na mweka hazina. Mwenyekiti akafariki. Mweka hazina, kama nilivyosema, macho yalikuwa yanakwenda. Kwa taratibu za benki, kubadilisha mtia saini aliyefariki kunahitaji muhtasari wa mkutano, barua na picha, kazi ya wiki mbili kwa mtu aliyekwisha kuifanya kabla. Kila mkutano waliahidiana kulishughulikia. Kisha katibu akapata ajira Dodoma, akaaga vizuri, akakabidhi funguo, na fedha zilizobaki zikakaa benki bila mkono wa kuzitoa.

Katibu hakukosea kwenda Dodoma. Kijana lazima aende atafute maisha. Kosa lilikuwa letu sote tunaopenda kumpata mtu mmoja mchapakazi, tukamwachia kila kitu, tukaliita jambo hilo kumwamini.

Lakini onyo lililo wazi kuliko yote lilikuwa kabatini tangu siku ya kwanza. Mkataba wa mradi uliandikwa kwa Kiingereza, na kulikuwa na aya iliyosema mchango wa mfadhili utapungua mwaka wa pili, utapungua tena mwaka wa tatu, kisha utakoma, na kwamba kikundi kitajaza pengo kwa michango ya wanachama. Kwa michango ya wanachama! Ile iliyosamehewa kwa makofi. Wazee waliweka dole gumba chini ya karatasi ile. Hakuna aliyewasomea aya ile kwa Kiswahili chini ya mwembe, polepole, wakapata nafasi ya kuuliza. Binti wa mweka hazina anasema hata alipoisoma baadaye aliona ni maneno ya kawaida ya mikataba.

Fedha zilipopungua, mwaka wa pili waliziba kwa akiba ya zamani, ile ya kuzikana. Walikusudia kuirudisha. Mwaka wa tatu vijana wa fulana walianza kuondoka mmoja mmoja. Mwenye nyumba akafunga ofisi na kompyuta ikiwa ndani, kwa deni la kodi. Waanzilishi waliobaki wakajaribu kurudi mwembeni na kuanzisha ada upya, na hapo ndipo walipopata jibu lililowavunja nguvu: "Mlisema tumesamehewa. Sasa mnatutoza tena kwa kipi?" Wengine waliuliza kama bahasha zitakuwepo, wakasikia hapana, hawakurudi.

Masika yaliyofuata alifariki mmoja wa wale waliotoka Kigoma, aliyekuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya chama. Hakuwa na jamaa. Sanduku la bati lilifunguliwa, halikuwa na bafta. Iliyokuwamo ilitumika katika misiba ya miaka ya mradi na haikununuliwa nyingine, kwa kuwa bajeti ya mradi haikuwa na kifungu cha mazishi. Vijana wa bodaboda wa stendi ndio waliopitisha kofia. Alizikwa kesho yake mchana, kwa heshima, na watu wasiojua kwamba marehemu alikuwa amelipa ada ya kuzikwa kwa miaka mingi bila kukosa mwezi.

Tusidhani hili ni la kata moja ya mkonge. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, mashirika makubwa yenye wahasibu na wanasheria yalijikuta yakifunga milango ndani ya siku chache, hapa kwetu na kwa majirani. Uingereza nayo ilishapunguza misaada yake mwaka 2021. Ikiwa wakubwa hao hawakupata muda wa kujipanga, kikundi cha wazee thelathini na kitu chini ya mwembe kitapewa taarifa na nani?

Sishauri mtu akatae msaada. Atakayekataa miwani ya mzee asiyeona kwa sababu ya kujitegemea, huyo anajitegemea kwa macho ya mwenzake. Ninachoomba ni kwamba msaada ukija, usiguse vile vitu ambavyo wazee walikuwa wanavifanya kwa nguvu zao kabla haujaja. Ada ibaki, hata ikishushwa iwe shilingi mia mbili. Asiye nayo kabisa alipe kwa zamu, kwa kuni, kwa kuwakumbusha wenzake siku ya mkutano. Fedha za ada na za kuzikana zikae kwenye daftari lao peke yake, na mradi usizikope hata kwa wiki moja. Zamu ziandikwe, ili hata mgeni akifika aone kwamba kuna kazi inayofanyika tayari, naye aongezee pale ilipopungua.

Mkataba usomwe kwa lugha ya wenye kikundi kabla ya dole gumba kuwekwa. Mfadhili anayekerwa na ombi hilo amewaonyesha mapema ni mtu wa namna gani. Na watia saini wa benki, kwa wazee hasa, tusione haya kulisema: wengine wawe na umri mdogo. Katika kikundi cha watu wa miaka sabini na themanini, msiba si ajali, upo kwenye kalenda. Watoto na wajukuu wanaoishi jirani waandikwe wanachama mapema, walipe ada, wazoee kuulizwa na kuuliza, wajifunze njia ya kwa mtendaji na kwa afisa ustawi wa jamii wakiwa na babu zao ubavuni. Kikundi kiandikishwe halmashauri, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vya kuweka na kukopa navyo vinatakiwa kusajiliwa, na wazee wengi wanaochangishana hawajui kwamba sheria hiyo huenda inawahusu. Baraza la wazee la kijiji au kata, pale lilipo, lialikwe kwenye mikutano. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili.

Kama wewe ni katibu au mweka hazina wa kikundi kama hiki, au mama yako ni mwanachama, nakuomba ufungue madaftari mawili kabla ya mkutano ujao. La ada, utazame mwezi wa mwisho uliolipwa na ni nani alilipa. La mihutasari, utazame kilichoandikwa chini ya Mengineyo. Ukikuta pametulia mno, itisha mkutano usio na bahasha, tena mwezi huu, ukiwa bado na watu wa kuwaita.